Manase wa Wafalme na Manase wa Nyakati: yupi ndiye?

*Shikamoo mwalimu. Kwenye jumuiya yetu tulisoma 2 Wafalme 21, tukamwona mfalme Manase kuwa mwovu kuliko wote, hata Yuda ikapelekwa uhamishoni kwa ajili yake. Juma lililofuata mwenzetu mmoja akaja na 2 Mambo ya Nyakati 33: Manase alikamatwa, akatubu, akarudishwa kwenye kiti chake, akasafisha Hekalu. Tulibishana mpaka giza likaingia. Wapo wanaosema mwandishi wa Wafalme aliificha toba, na wapo wanaosema Nyakati imetunga. Tumwamini nani? Na hiyo "Sala ya Manase" ninayoisikia iko wapi, mbona kwenye Biblia yangu siioni?*

Marahaba. Mmebishana mahali panapostahili ubishi, kwa hiyo sitakimbilia kuwapatanisha. Katika wafalme wote waliokalia kiti cha Daudi, sijui mwingine ambaye Biblia inampa sura mbili zinazoachana kiasi hiki. Daudi mwenyewe amefutwa madoa katika Nyakati: kisa cha Bathsheba na Uria hakimo kabisa. Sulemani naye kasalimika, wake zake wa kigeni hawamwangushi humo. Lakini hao wamepunguziwa tu. Manase amebadilishiwa mwisho wa maisha yake.

Nianze na jambo ambalo nadhani lilipotea katikati ya kelele. Wengi huzisoma sura hizi kana kwamba ni mashahidi wawili walioona ajali moja, kila mmoja akiwa upande wake wa barabara. Sivyo zilivyoandikwa. Mwandishi wa Nyakati alikuwa na kitabu cha Wafalme mbele yake, au nakala inayokikaribia sana, naye alikinakili. Fungueni Biblia mbili mziweke sambamba, mtaona 2 Nyakati 33:1-9 inakwenda na 2 Wafalme 21:1-9 karibu neno kwa neno. Manase anaanza kutawala akiwa na miaka 12, anatawala miaka 55, anapajenga tena mahali pa juu alipopabomoa baba yake Hezekia, anasimamisha madhabahu za Baali, anaabudu jeshi lote la mbinguni, anajenga madhabahu katika nyua mbili za Hekalu, anashughulika na waaguzi na wachawi. Marekebisho ni madogo. Wafalme inamfananisha na Ahabu wa Israeli. Nyakati imemwacha Ahabu nje, kwa kuwa mwandishi huyu haugusi ufalme wa kaskazini ila pale anapolazimika. Wafalme inasema alimpitisha mwanawe motoni. Nyakati inasema wanawe, na inataja bonde la mwana wa Hinomu. Jina la mama yake, Hefsiba, limeondoka. Hilo msilijengee hoja, maana kuanzia hapo Nyakati haimtaji tena mama wa mfalme yeyote.

Baada ya mstari wa 9 njia zinaachana, na zinaachana kwa makusudi. Wafalme inaleta neno la Bwana kwa vinywa vya manabii wasiotajwa majina: Yerusalemu itapimwa kwa kamba ya Samaria na timazi ya nyumba ya Ahabu, na mji utafutwa kama mtu afutavyo sahani na kuifudikiza. Kisha inaongeza kwamba Manase alimwaga damu isiyo na hatia hata akaijaza Yerusalemu toka mwisho hata mwisho. Kisha akafa, akazikwa katika bustani ya nyumba yake, bustani ya Uza. Imekwisha. Nyakati inayaondoa maneno yote hayo ya hukumu na ya damu, inaweka mstari mmoja mfupi kwamba Bwana alisema na Manase na watu wake wasisikie, halafu inaingiza mistari 7 ambayo haina mwenzake popote katika Wafalme. Maakida wa mfalme wa Ashuru wanamkamata kwa kulabu, wanamfunga kwa pingu, wanampeleka Babeli. Katika taabu yake anamsihi Mungu, anajinyenyekesha sana, anasikilizwa, anarudishwa Yerusalemu. Huko anajenga ukuta wa nje wa mji wa Daudi, upande wa magharibi wa Gihoni mpaka Lango la Samaki, anauzungushia Ofeli, anaweka maakida wa vita katika miji yenye maboma, anaziondoa sanamu Hekaluni na kuzitupa nje ya mji.

Sasa tazameni jambo la ajabu katika Wafalme, ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko hata toba isiyokuwemo. Miaka 55 ndio utawala mrefu kuliko wa mfalme yeyote wa Yuda au wa Israeli. Uzia anamfuata kwa miaka 52. Na katika miaka yote hiyo 55 mwandishi wa Wafalme hasimulii tukio hata moja. Hakuna vita, hakuna mjumbe, hakuna ujenzi wa ukuta wala mfereji, hakuna nabii mwenye jina, hakuna neno moja kutoka kinywani mwa mfalme. Hezekia baba yake amepewa sura tatu nzima, zenye majeshi, barua, ugonjwa na wageni kutoka Babeli. Manase amepewa orodha ya mashtaka na hukumu. Anayeandika hivyo haandiki maisha ya mtu. Anajibu swali, na swali lenyewe linajulikana.

Kitabu cha Wafalme kama tulicho nacho kinaishia uhamishoni. Tukio lake la mwisho ni kufunguliwa kwa mfalme Yehoyakini wa Yuda gerezani Babeli, mnamo mwaka 561 K.K. Waliokisoma kwanza walikuwa watu waliopoteza Hekalu, mji na mfalme katika mwaka 587 au 586 K.K., na swali lililowachoma ni hili: ilikuwaje? Lilikuwa chungu zaidi kwa sababu ya Yosia. Mfalme huyo, mjukuu wa Manase, aliisafisha nchi mwaka wa 18 wa utawala wake baada ya kitabu cha torati kuonekana Hekaluni, na Wafalme inasema wazi kwamba kabla yake hapakuwa na mfalme mfano wake, wala baada yake. Haukupita muda, Yosia akauawa na Farao Neko huko Megido (609 K.K.), na baada ya miaka ishirini na kitu mji ukachomwa. Kama kutengeneza ibada kunaleta uzima, mbona matengenezo makubwa kuliko yote hayakuuokoa mji? Mwandishi analijibu mara mbili kwa jina moja. Katika 2 Wafalme 23:26, mara tu baada ya kumsifu Yosia, anasema Bwana hakuuacha ukali wa hasira yake kwa sababu ya machukizo ya Manase. Katika 24:3-4 anarudia, akiitaja tena ile damu isiyo na hatia. Yeremia 15:4 inasema vivyo hivyo.

Wataalamu wengi, wakifuata njia iliyofunguliwa na Frank Moore Cross wa Harvard, huona hapa mikono miwili. Toleo la kwanza la historia hii lingekuwa limeandikwa siku za Yosia mwenyewe, likiwa na matumaini, na toleo la pili likaongezwa uhamishoni baada ya matumaini kuvunjika. Aliyeongeza alikuwa na tatizo: kitabu kilikuwa kinapanda kuelekea Yosia, naye alijua mwisho ni moto. Manase ndiye aliyeubeba mzigo huo. Si lazima mkubali kila sehemu ya nadharia hii, lakini inaeleza vizuri kwa nini hukumu juu ya Manase inasikika kama kitu kilichoshonewa juu ya kitambaa kilichokuwa tayari.

Mzigo huo una tatizo lake, na Biblia yenyewe inalijua. Torati inakataza watoto kuuawa kwa ajili ya baba zao (Kumbukumbu 24:16), na kitabu hikihiki cha Wafalme kinamsifu mfalme Amazia kwa kuifuata sheria hiyo, kinainukuu hata (2 Wafalme 14:6). Huko Babeli watu walikuwa na mithali yao juu ya baba kula zabibu kali na meno ya watoto kutiwa ganzi, na Ezekieli anatumia sura nzima ya 18 kuikataa. Anayeitangaza hukumu ya Yerusalemu kwa kosa la mfalme aliyekufa zaidi ya miaka 50 kabla, yuko katikati ya mjadala huo.

Mwandishi wa Nyakati yuko upande wa Ezekieli, tena kwa nguvu. Aliandika zamani za Waajemi, wengi husema karne ya 4 K.K., na kitabu chake kinaishia kwenye tangazo la Koreshi mfalme wa Uajemi la mwaka 538 K.K. la kuwaruhusu watu warudi. Wasomaji wake hawaulizi tena mji ulianguka kwa nini. Wamo ndani yake, mji mdogo, Hekalu la pili, bila mfalme, chini ya liwali wa Uajemi. Wanataka kujua kama wao bado ni watu wa ahadi ile. Na kanuni yake mnaikuta kila mahali mkishaijua: kila kizazi kinasimama mbele za Mungu kwa matendo yake chenyewe, malipo huja katika maisha ya mtu yuleyule, na mlango wa kurudi haufungwi.

Kanuni hiyo ilimpa kazi kwenye sehemu ambazo Wafalme inasimulia tu bila kueleza. Uzia alipatwa na ukoma. Wafalme inasema Bwana alimpiga, basi. Nyakati inaeleza kwamba aliingia Hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani. Yosia mwema aliuawa akiwa na miaka 39; Wafalme haitoi sababu. Nyakati inasema hakuyasikiliza maneno ya Neko yaliyotoka kinywani mwa Mungu. Sasa wekeni Manase mbele ya mtu anayefikiri hivyo. Mfalme mbaya kuliko wote, utawala mrefu kuliko wote, na kufa kitandani kwake. Kwa mwandishi wa Wafalme hilo si tatizo, deni lilipelekwa kwa wajukuu. Kwa mwandishi wa Nyakati haliwezekani kubaki lilivyo. Ama mabaya hayakuwa mabaya, ama kuna jambo lilitokea katikati.

Na kilichotokea katikati anakieleza kwa maneno ambayo wasomaji wake walikuwa wameshayasikia. Mnalijua andiko la 2 Nyakati 7:14, hakuna mkesha wa maombi usiolitaja: ikiwa watu wangu "watajinyenyekesha, na kuomba, na kunitafuta uso". Ahadi hiyo Sulemani anapewa katika Nyakati, na mstari huo haumo katika Wafalme. Kisha katika sura ya 33 Manase anajinyenyekesha, anaomba, anasikiwa. Yeye ndiye mtu anayeonyesha kwamba ahadi ya Sulemani inafanya kazi hata kwa mtu wa namna hiyo. Na kinyume chake amewekwa mwishoni mwa kitabu: Sedekia, mfalme wa mwisho, hakujinyenyekesha mbele ya Yeremia (36:12), na mji ukaanguka siku zake kwa makosa ya kizazi chake. Ile mistari ya Wafalme inayomrudishia Manase kosa la uhamisho, Nyakati imeiacha kabisa. Kwa hiyo ninyi mliosema vitabu viwili vinapingana kuhusu toba hamkufika mwisho wa tofauti. Vinapingana kuhusu nani aliangusha Yerusalemu.

Je, mwandishi wa Wafalme aliificha toba? Mimi sidhani, na sababu yangu ni Ahabu. Someni 1 Wafalme 21:27-29. Baada ya mauaji ya Nabothi, Ahabu anararua mavazi yake, anavaa gunia, anafunga, na Bwana anamwambia Eliya kwamba kwa kuwa amejinyenyekesha, mabaya hayatakuja siku zake bali siku za mwanawe. Mwandishi huyu basi hakuogopa kuandika unyenyekevu wa mfalme mbaya, na alikuwa na njia tayari ya kuuandika bila kuiondoa hukumu, kuiahirisha tu. Angejua habari za Manase kutubu, angeweza kufanya vilevile. Naona ni sahihi zaidi kusema habari hiyo hakuwa nayo.

Basi Nyakati imetunga? Hapo inabidi tutoke nje ya Biblia, na kwa bahati Manase ni mmoja wa wafalme wa Yuda ambao Waashuri waliwaandika kwa jina. Esarhadoni, aliyetawala Ashuru kuanzia 681 hadi 669 K.K., aliacha maandishi juu ya mche wa udongo (kipande cha udongo chenye pande kadhaa) yanayowataja wafalme 22 wa pwani na wa Kipro aliowalazimisha kusafirisha magogo na mawe hadi Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, kwa ujenzi wa jumba lake. Kwenye orodha hiyo yumo Baali wa Tiro, wamo wafalme wa Edomu, Moabu, Gaza na Ekroni, na yumo Manase mfalme wa Yuda. Mwanawe Ashurbanipali anaorodhesha tena wafalme 22 walioleta kodi na kuandamana na jeshi lake kwenda Misri mnamo 667 K.K., na Manase yumo tena. Hakuna mahali palipopatikana hadi leo panaposema aliasi au alifungwa. Kwa macho ya Ninawi alikuwa mtiifu.

Hata hivyo mazingira ya kisa hiki si ya kubuni. Kulabu za Waashuri zilikuwa kweli: jiwe la Esarhadoni lililochimbuliwa Zincirli, nchini Uturuki wa leo, na ambalo sasa liko Berlin, linamwonyesha mfalme huyo akiwa ameshika kamba zilizopitishwa kwenye midomo ya mateka wawili wa kifalme. Kufungwa kisha kusamehewa na kurudishwa pia kulikuwa desturi yao. Ashurbanipali mwenyewe anasimulia jinsi watawala wa Misri walivyomwasi, wakapelekwa Ninawi, na mmoja wao, Neko wa Sais, babu wa yule Farao aliyemuua Yosia, akavishwa nguo za heshima na kurudishwa mjini kwake. Kama ingetokea kwa Manase pia, isingekuwa ajabu. Swali linalobaki ni Babeli: mfalme wa Ashuru alikaa Ninawi, kwa nini mateka apelekwe Babeli? Wanaoitetea habari hii hutaja uasi wa Shamash-shum-ukini, ndugu wa Ashurbanipali aliyekuwa mfalme wa Babeli, uliodumu toka 652 hadi 648 K.K. Ashurbanipali anamshtaki ndugu yake kwamba aliwachochea hata wafalme wa magharibi. Manase angeweza kushukiwa, akaletwa Babeli mfalme wa Ashuru alipokuwa akimaliza hesabu huko. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba Babeli imo kwa sababu nyingine: mtu anatenda dhambi, anafungwa Babeli, anaomba, anarudi Yerusalemu, anajenga ukuta na kusafisha Hekalu. Hiyo ndiyo safari ya taifa zima kama wasomaji wa Nyakati walivyoijua. Mfalme mmoja ameitembea njia yote kabla yao.

Uamuzi wangu, kwa kuwa mmeuomba, ni huu. Kwamba Manase aliwahi kuitwa au kukokotwa mbele ya mfalme wa Ashuru, naliona jambo la kuaminika, na mwandishi wa Nyakati anataja kumbukumbu za waonaji alikoyapata. Kwamba alijenga ukuta na kuimarisha ngome pia naliamini, maana nchi yake ilikuwa na magofu ya kutosha. Lakini kwamba aliisafisha ibada ya Yerusalemu, hapo nasita. 2 Wafalme 23:12 inasema Yosia alizibomoa madhabahu "alizozifanya Manase" katika nyua mbili za Hekalu. Kama Manase alizitupa nje ya mji, Yosia alikuta nini? Jibu la haraka ni kwamba Amoni mwana wa Manase alizirudisha katika miaka yake 2 ya utawala. Ni jibu la heshima, ila andiko halisemi hivyo, linasema alizozifanya Manase. Na Nyakati yenyewe, inapofika kwa Yosia, imeziacha madhabahu hizo kimyakimya bila kuzitaja, kama mtu anayejua kwamba zingemharibia hesabu. Tena 2 Nyakati 33:22 imesahau kidogo: Amoni alizitolea dhabihu sanamu zote alizozifanya Manase baba yake. Zilikuwa bado zipo.

Kuna Manase wa tatu, ambaye waandishi wote wawili hawakutaka kumwona, naye ndiye ninayetamani zaidi kumjua. Alirithi nchi iliyovunjika. Mwaka 701 K.K. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, alijisifu kwamba aliteka miji 46 yenye ngome ya Hezekia, na kwamba alimfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege katika tundu. Mashamba mazuri ya nyanda za magharibi akayagawa kwa wafalme wa Ashdodi, Ekroni na Gaza. Lakishi, mji wa ngome wa Yuda, ilikuwa majivu. Mtoto wa miaka 12 anakabidhiwa mabaki hayo. Wanaochimba wanaona kwamba katika karne ya 7 K.K. Yuda ilijaza watu sehemu ambazo zamani zilikuwa karibu tupu, bonde la Beer-sheba na ukingo wa jangwa upande wa Bahari ya Chumvi, na kwamba jirani yake Ekroni iligeuka kuwa kiwanda kikubwa cha mafuta ya zeituni, chenye mashinikizo zaidi ya 100, chini ya ulinzi wa Ashuru. Nusu karne bila vita kubwa si jambo dogo kwa watu waliotoka kwenye moto wa Senakeribu. Mfalme aliyelipa kodi kwa wakati aliwanunulia hiyo.

Hata mahali pa juu pana upande wa pili. Hakuna ushahidi kwamba Waashuri walikuwa wakiwalazimisha wafalme wadogo kama yeye kuabudu miungu yao, na mengi katika orodha ya makosa ya Manase, Ashera na mabaali, si vitu vya Ninawi. Ni dini ya vijijini ya siku zote. Hezekia alikuwa amezifunga mahali pa ibada za vijiji, kisha Senakeribu akavichoma vijiji vyenyewe. Si vigumu kuwaza wazee wa vijiji walimwambia nini mfalme kijana. Kwa mwandishi wa Wafalme huo ni uasi, na kwa imani yake alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ila damu isiyo na hatia anayoitaja mimi siichukulii kama maneno ya kupamba. Kurudisha mambo ya zamani huwa na watu wanaokataa, na wanaokataa huwa wanauawa. Baadaye watu wakaijazia majina damu hiyo: ipo hadithi ya Kiyahudi kwamba Manase alimkata nabii Isaya kwa msumeno, na wengi huona mwangwi wake katika Waebrania 11:37. Lakini si Wafalme wala Nyakati inayosema hivyo, kwa hiyo mkiihubiri, ihubirini kama hadithi.

Hapo hapo niwaonye juu ya mahubiri mengine yanayopendwa sana kwetu: Hezekia asingelilia kuongezewa miaka 15, Manase asingezaliwa, kwa hiyo usimlazimishe Mungu. Hesabu ni rahisi: Manase alianza kutawala akiwa na miaka 12, na 15 kutoa 12 ni 3, yaani alizaliwa baada ya baba yake kupona. Lakini Biblia haisemi hivyo popote, na wanaopanga miaka ya wafalme huona kwamba Manase alitawala pamoja na baba yake kwa muda wa kama miaka 10 hivi, vinginevyo miaka 55 haiingii vizuri katika tarehe tunazozijua kwa hakika. Ikiwa ndivyo, alikuwa ameshazaliwa baba yake alipougua.

Ubishi wenu, kwa taarifa yenu, si mpya. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi uliokusanywa yapata mwaka 200 B.K., inasema wafalme watatu hawana sehemu katika ulimwengu ujao: Yeroboamu, Ahabu na Manase. Hapohapo Rabi Yehuda anapinga: Manase anayo sehemu, kwa maana imeandikwa aliomba na akarudishwa Yerusalemu. Wenzake wanamjibu kwamba alirudishwa kwenye ufalme wake, si kwenye uzima wa ulimwengu ujao. Mishna imeacha kauli zote mbili zimeandikwa.

Sala ya Manase sasa. Nyakati inasema maombi yake yameandikwa mahali, lakini haiyanukuu, na pengo hilo likawavuta waandishi. Kuna sala fupi ya mistari 15, inayojulikana kwa Kigiriki, ambayo iliandikwa muda mrefu baada ya Manase na kuwekwa kinywani mwake. Mwenye kuomba anasema dhambi zake ni nyingi kuliko mchanga wa bahari, ameinamishwa na minyororo ya chuma, na sasa anapiga goti la moyo wake. Imo katika Codex Alexandrinus, Biblia ya Kigiriki ya karne ya 5, pamoja na nyimbo za ibada zinazofuata Zaburi. Biblia ya Kilatini ya mwaka 1592 iliiweka kwenye nyongeza mwishoni, nje ya vitabu vya kanuni, Luther aliitafsiri, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilikuwa nayo katika vitabu vya Apokrifa. Ndiyo maana kwenye Biblia yako ya Kiswahili huioni, uwe Mlutheri au Mkatoliki. Waorthodoksi wanayo katika ibada yao ya usiku wakati wa Kwaresima, kwa hiyo mkiwa na jirani wa Kanisa la Orthodoksi, wapo wa kutosha Kenya, Uganda na hata Bukoba, mwombeni awaonyeshe. Miongoni mwa hati za kale za Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, kumepatikana sala nyingine tena ya Kiebrania yenye kichwa kinachosema ni ya Manase mfalme wa Yuda alipofungwa na mfalme wa Ashuru. Nayo haifanani na ile ya Kigiriki.